Bonyeza ya Kwanza Tu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepewa simu ya kazi! Si ya kuazima, si ya mtumba. Mpya, kioo kinang'aa, nyuma ina nembo ya kituo cha afya. Wahudumu wa afya wa mitaa yote tuliitwa ukumbini, tukabanana kwenye mabenchi, kila mmoja akakabidhiwa yake. Muuguzi Mkuu akatufundisha mwenyewe. Unafika kwenye nyumba, unapiga hodi, unafungua simu, unauliza. Wana choo? Wana chandarua? Watoto wamechanjwa? Kuna anayeumwa, na anaumwa nini? Unabonyeza jibu, unatuma. Palepale nyumba ile inakuwa nukta kwenye ramani ofisini kwake. Alisema zamani habari za mlipuko wa ugonjwa zilimfikia kwa karatasi, watu wameshazikwa na matanga yameshakwisha. Sasa atajua siku hiyohiyo. Hata mimi nilisisimka, na mimi si mtu wa kusisimka ovyo.

Kisha akatoa kizibao. Mtume! Kijani kibichi, mifuko mbele, mifuko pembeni, mfuko ndani ya mfuko, na mgongoni maandishi makubwa: MSIMAMIZI. Atakayefanya kazi kupita wenzake wiki hii ndiye atakayekivaa. Nilikitazama na nikajiona ndani yake, nimeweka kalamu katika kila mfuko.

Tatizo ni Mshonaji. Jirani yangu huyu ana cherehani barazani, na yeye pia ni mhudumu. Mtaa wa chini ni wake, mtaa wa juu ni wangu. Miguu yake haichoki wala mdomo wake hauchoki. Tulipofika nyumbani tu, akakaa kwenye cherehani akaishonea simu yake kimfuko cha maua chenye mkanda wa kuvaa shingoni. Kimfuko ni kizuri sana. Sitamwambia.

Mke wangu naye amesafiri leo kwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Amewachukua watoto, ameniachia mama yake. Mlangoni aliniambia mambo mawili. La kwanza, maji ya mama yachemshwe, tumbo lake si la kuchezea. La pili, akirudi Jumapili amkute mama yake vilevile alivyomwacha. Nikacheka, nikamwambia aondoe shaka, kwani mama anabaki mikononi mwa mtaalamu wa afya. Yeye hakucheka.

Mchana nikaingia kazini. Nyumba ya kwanza, mbwa. Ya pili, bibi mmoja alinisimulia habari za goti lake tangu alipokuwa msichana. Ya tatu, kuku tu. Jua linachoma, viatu vinabana. Jioni Muuguzi Mkuu akatuma orodha kwenye kundi letu la simu. Mshonaji juu kabisa. Mimi chini kabisa, chini ya yule mwenzetu aliyevunjika mguu. Haiwezekani! Lazima pawe na njia nyingine.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na mpango. Mtaa wa juu naujua nje ndani. Najua nani ana choo na nani huomba kwa jirani. Sasa nitembee kwa sababu gani? Nikaweka kiti kivulini, nikafungua simu, nikaanza na nyumba ya Fundi Baiskeli. Simu ikagoma. Ikaandika kwamba sijafika kwenye nyumba hiyo. Nikazunguka nyumba yangu mwenyewe nimeiinua juu, mama mkwe akinitazama dirishani bila kupepesa. Ikaandika tena kwamba niko palepale. Salaale! Kidude hakina macho, na kinajua nilipo. Mke wangu amenitafuta miaka yote hii na hajafikia kiwango hicho. Nimeiheshimu sana hii mashine.

Mpango wa pili. Kama simu inataka kutembea, itembee. Nikaifunga shingoni mwa mbuzi wa jirani, ambaye kwa kuzurura hana mpinzani, nikaenda kujinyoosha kidogo. Nikaamshwa na kicheko. Mshonaji kasimama mlangoni, kamshika mbuzi pembe. Akasema mhudumu wangu amefika kwake salama, hodi amepiga vizuri, ila amekula pindo la gauni la mteja. Akasema kwa mwendo huu mbuzi atakivaa kizibao kabla yangu. Akasema pia kwamba kuanzia leo jina langu ni Bwana Kiti. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwahi kujua kwamba ana jino la dhahabu.

Kufika alasiri mtaa mzima unaniita Bwana Kiti.

Nilikuwa bado nimenuna pale barazani alipopita Dumu na mkokoteni wake. Dumu ni muuza maji. Jina la kwao silijui, tunamwita hivyo kwa sababu ya madumu yake. Mtu mkubwa, mpole, haulizi maswali. Nikamtazama akisimama lango la kwanza, akamimina maji. Akasimama lango la pili. La tatu. Mtaa wote wa juu mpaka njia panda, asubuhi na jioni, lango kwa lango. Nikainuka kwenye kiti. Akili ni mali!

Tumekubaliana. Yeye atabeba simu. Mimi nitaacha kuteka maji kwenye bomba la kituo cha afya na kuanzia kesho nitanunua kwake. Amefurahi sana. Alisema siku nyingi alikuwa anaitamani nyumba yangu.

Jumatano, 5 Juni

Nilimpa Dumu mafunzo. Muuguzi Mkuu alitumia asubuhi nzima, mimi nilitumia muda wa kunywa chai. Nilimwonyesha maswali. Wana choo? Jibu la kwanza ni Ndiyo. Chandarua? La kwanza Ndiyo. Chanjo? Ndiyo tena. Yote ya kwanza ni mazuri! Kulikuwa na maswali mengine huko chini lakini chai ilikuwa inapoa. Nikamwambia, ndugu yangu, bonyeza ya kwanza tu, usijisumbue kusoma. Akafurahi, maana kusoma hakumpendezi. Nikaifunga simu kwenye mkokoteni kwa mpira wa baiskeli, akaondoka nayo.

Nilicheza drafti na Fundi Baiskeli mpaka mchana. Kisha nikaandika hotuba. Ndugu zangu, safari hii haikuwa rahisi, nimevuja jasho. Nimelipenda sana hilo neno jasho. Nitalisema polepole.

Jioni orodha ikatoka. Wa pili! Mshonaji bado juu, lakini pumzi zangu anazisikia kisogoni.

Maji ya Dumu yamejaa mtungini. Nilitaka kuyachemsha, kweli nilitaka. Lakini nikafikiri. Maji ya mtu baki unayachemsha kwa sababu humwamini. Maji ya rafiki ukiyachemsha, si ni matusi? Tena jiko lilikuwa limezimika. Mama mkwe alikunywa, akatazama ndani ya kikombe, akauliza mbona maji leo yana harufu. Nikamwambia ni madini, yanaimarisha mifupa. Akasema mifupa yake imeimarika muda mrefu kabla sijazaliwa. Akanywa lakini, maana kiu ilikuwa imembana.

Alhamisi, 6 Juni

WA KWANZA! Niandike tena. Wa kwanza! Nimempita Mshonaji kwa mbali. Muuguzi Mkuu amenitaja mwenyewe kwenye kundi, akasema taarifa za mtaa wa juu anazifuatilia kwa karibu sana. Kwa karibu sana! Nimemsomea mama mkwe mara mbili. Akaniuliza kama leo nimetoka nje ya geti. Nikamwambia kazi za siku hizi ni za kidijitali.

Dumu ni mchapakazi, lazima nimsifu. Anabonyeza hata pale anapojaza madumu, anasema simu inapahesabu kama nyumba mpya.

Mshonaji alikuja mchana. Nilidhani anakuja kusalimu amri. Hapana. Hakunitania hata kidogo, na hilo likanisumbua. Alisema kule kwake, nyumba za karibu na njia panda, amekuta watu wanaharisha. Mama mmoja na wanawe, na mzee wa duka la nafaka. Si wengi, lakini hakuipenda hali yao. Akauliza kama huku juu nimeona kitu. Nikamjibu mtaa wa juu wote ni wazima kabisa, wanaruka kamba. Akasema tulinganishe simu zetu. Nikamwambia yangu iko kazini. Alinitazama sana. Kisha akamgeukia mama mkwe, akamwamkia vizuri, akakaa naye, akamshika mkono wakaongea. Nadhani ni kampeni. Anataka kuninyang'anya hata mama mkwe.

Mama mkwe hakula vizuri jioni. Alisema hana hamu. Chakula nilipika mimi, kwa hiyo nimeelewa.

Muuguzi Mkuu amenipigia. Niende ofisini kwake kesho asubuhi, kuna jambo kubwa. Nimepiga suti pasi. Nimejaribu na kizibao cha kufikirika juu yake. Kinakaa vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilimuaga mama mkwe akiwa bado chumbani kwake. Alijibu kwa mbali. Nikaona nisimsumbue, nikaondoka na suti yangu.

Ofisini nilimkuta Muuguzi Mkuu na Bwana Afya, yule mkaguzi wa maji na vyoo mwenye buti. Ukutani wameangaza ramani ya mtaa wetu. Uzuri wake! Kila njia, kila kona. Na mtaa wa juu wote umejaa nukta nyekundu, zimejipanga lango kwa lango. Nikauliza nyekundu ni nini, nikitarajia kuambiwa ni rangi ya ushindi. Bwana Afya akasema ni kuhara.

Kuhara! Mtaa mzima! Kumbe jibu la kwanza la swali la ugonjwa si Hakuna Tatizo. La kwanza ni Kuhara. Dumu kawaharisha watu wote wa mtaa wa juu kwa kidole kimoja. Nilitafuta kiti nikakaa.

Wao hawakunitazama, walikuwa wanatazama ramani, na sijawahi kuona watu wakisoma kitu namna ile. Muuguzi Mkuu akaonyesha nukta chache za Mshonaji kule njia panda. Peke yake zisingesema mengi, alisema, watu huharisha kwa sababu elfu. Lakini ukiziunga na zangu unapata njia. Akaipitisha kalamu: njia panda, mtaa wa juu, halafu nyuma ya soko, mpaka kwenye kisima cha zamani kando ya vyoo. Pale kisimani nukta zangu zimerundikana. Bwana Afya akasema kisima kile kilifungwa zamani, kwa hiyo kuna mtu amekifungua. Anakwenda kuchota maji ayapime leo hii. Akanipa mkono. Akasema kazi hii ingewachukua wiki nyingi.

Muuguzi Mkuu akaniuliza pale kisimani nilimtembelea nani. Nikasema wapangaji. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Barabarani nikapiga hesabu zangu. Maji yakipimwa yakaonekana safi, nimekwisha. Itajulikana hakuna aliyeharisha, itajulikana mkokoteni, kwaheri kizibao. Yakiwa machafu, mimi shujaa. Basi nikaomba. Yarabi, nikasema, maji yale yawe machafu. Kidogo tu.

Nimeandika hayo kwa sababu nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe sakafuni, kati ya kitanda na mlango.

Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alikuwa anaharisha tangu jana usiku na hakusema. Aliona haya kumwambia mkwe. Alikuwa anasubiri niondoke ndipo atoke kwenda chooni, na mimi nimekaa asubuhi nzima najifunga tai! Nilimwita, akanitazama kama hanijui vizuri. Niliogopa. Sijui niandikeje zaidi ya hivyo. Niliogopa mpaka sikuhisi miguu, kisha nikajikuta naitumia.

Nilikimbia kwa Mshonaji. Aliacha gauni la mtu kwenye cherehani, sindano bado imelichoma, akanipita njiani. Akaingia, akapiga goti, akamfinya mama ngozi ya mkono taratibu akaiangalia inavyorudi. Ilirudi polepole. Hakupiga kelele. Akanituma chumvi na sukari, akapima, akakoroga, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko, huku mkono wa pili unabonyeza ile simu ya kimfuko cha maua. Kabla ya kukoroga alikuwa ameniuliza maji yametoka wapi. Nikasema ni ya kwenye birika la chai, yalishachemka. Sasa akauliza mama anakunywa maji gani. Nikautazama mtungi. Hapo ndipo vitu vyote viliponiingia kichwani kwa mpigo, kisima, mkokoteni, dua yangu na kila kitu. Nikakaa chini na suti yangu.

Gari la wagonjwa lilifika kabla sijapata viatu. Na kule kituoni! Hawakuanza kutuuliza jina nani, umri gani, kadi iko wapi. Mshonaji alikuwa ameshatuma kila kitu. Walitupokea mlangoni, kitanda kimetandikwa, dripu imening'inizwa. Daktari akatazama kioo chake akasema mama huyu kuna dawa moja humletea vipele na kumbana kifua, wasimpe hiyo, wampe nyingine. Iliandikwa huko kwao alikotibiwa zamani, mbali na hapa, na leo imemfikia daktari asiyemjua kabisa. Mimi ni mkwe wake, nakaa naye nyumba moja, na sikujua habari ya dawa hiyo. Nilisimama pale nikashangaa mpaka muuguzi akaniomba nisogee, nimekanyaga mpira wa dripu.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe yu hai! Asubuhi alifungua macho, akanitazama, akasema shati langu halijapigwa pasi. Nilitoka nje nikalia kidogo. Kisha nikarudi nikamwambia ni vumbi.

Majibu ya maji yametoka. Machafu, tena machafu kupindukia. Kisima kimefungwa kwa zege. Wametembelea malango yote. Nyumba zinazochemsha maji watu walikuwa wazima kabisa, na wakashangaa kusikia wanaharisha. Lakini nyumba nyingine walikuwapo wagonjwa wa kweli, wamejifungia ndani kwa haya kama mama mkwe. Wengine hali zao zilikuwa mbaya. Wote wamepata dawa. Hakuna aliyekufa. Ningeweza kuiingiza hiyo kwenye hotuba.

Nilikuwa nairekebisha hotuba kando ya kitanda, Mshonaji yuko hapo anamlisha mama uji, alipoingia Dumu. Masikini, uso umemshuka. Alisema wallahi hakujua kwamba maji yale ni machafu, bombani kuna foleni, kisimani hakuna foleni. Amerudisha simu. Akasema mbele ya wote kwamba yeye alifanya kama nilivyomwelekeza, kila lango alibonyeza ya kwanza tu.

Kijiko cha Mshonaji kikasimama hewani.

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliweka bakuli chini, akanivuta mpaka kwenye korido, akanisema. Akasema wangekuwapo wagonjwa wachache tu wa uongo mahali pengine, gari lingekwenda huko, na mama angebaki sakafuni. Akasema ile nukta si nukta, ni mtu. Kisha akachukua simu yangu, akaniketisha, akanifundisha upya kama mwanafunzi. Akanisomea majibu yote ya swali la ugonjwa, moja baada ya jingine: kuhara, kutapika, homa, kikohozi, hakuna tatizo, mpaka lile la chini kabisa, kifo. Ana sauti nzuri ya kufundishia. Sikuyatia akilini, nilikuwa nawaza kama ataenda kunisema kwa Muuguzi Mkuu. Nilipomwuliza akasema haendi, niende mwenyewe kabla mke wangu hajarudi.

Nimekubali. Nitakwenda. Ila leo Muuguzi Mkuu alionekana amechoka.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote, maana mlango ulikuwa wazi. Niliporudi akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia hiki sikukichimba mimi. Akafumba macho, na nadhani alikuwa anacheka.

Jumapili, 9 Juni

Sikuwahi kwenda. Muuguzi Mkuu alikuja mwenyewe wodini, na mke wangu akaingia nyuma yake na mizigo. Siku gani hii!

Muuguzi Mkuu alijua tangu Ijumaa kwamba si mimi niliyebonyeza. Alisema hakuna mhudumu anayetembelea kisima asubuhi, mchana na jioni, wala anayemaliza nyumba kwa muda wa kujaza ndoo. Kumbe kile kidude kinaandika hata muda! Alikifuata kisima hata hivyo, kwa sababu nukta za Mshonaji zilikuwa za kweli, na zangu, alisema, zilikuwa za kweli kuhusu mkokoteni. Nilifikiri hiyo ni sifa. Mke wangu akasema si sifa.

Kizibao amepewa Mshonaji, palepale wodini. Wagonjwa walipiga makofi, hata wenye dripu, kwa mkono mmoja. Alikivaa akazunguka ili tuone mgongo. Akasema kinabana kwapa, atakifumua akishone upya, na mifuko hiyo imeshonwa na mtu mvivu. Hana unyenyekevu hata chembe. Lakini nilimtazama, nikamkumbuka juzi akiwa amepiga goti kwenye sakafu yangu na kijiko mkononi, na nikapiga makofi kuliko wote. Mikono inauma hadi sasa.

Hukumu yangu: simu nabaki nayo, ila mwezi mzima nitakwenda mtaa wa juu lango kwa lango, nikiwaonyesha watu kuchemsha maji, chini ya usimamizi wa Mshonaji. Chini ya usimamizi!

Mke wangu alimwuliza mama yake tu, je, huyu alikuangalia vipi? Nilitazama dari. Mama mkwe akasema mkwe wake ni mvivu, ni mwongo, na chai yake haina ladha. Lakini siku ile alimwona akitoka mlangoni peku, suti mwilini, akamsikia barabarani akiliita jina la jirani kwa kilio bila kujali nani anamtazama. Akasema hakujua kama Bwana Kiti ana miguu. Akanyoosha mkono akanishika kidole kimoja, akakishika muda mrefu.

Mke wangu akashusha mizigo. Akasema twende nyumbani nikachemshe maji.

Jumatatu, 10 Juni

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimechemsha maji ya mama mkwe alfajiri, nikayaacha yapoe, nikayafunika. Hayo nayafanya mwenyewe na sitaki mtu anisaidie. Anarudi nyumbani leo.

Lakini huku kazini! Mshonaji kanipa masharti. Kila lango nipige picha ya sufuria ya nyumba hiyo ikichemka, nitume, kisha nijibu maswali. Nimefika malango mawili. La kwanza, mbwa yuleyule. La pili, yule bibi wa goti. Ameanza na goti la pili.

Nikakaa kidogo kupumzika, nikamwona Dumu. Maji hauzi tena, sasa anauza mkaa. Mkokoteni uleule, malango yaleyale, asubuhi na jioni. Nikaanza kufikiri, sikuweza kujizuia. Mkaa anao. Sufuria ninayo. Jiko linakaa vizuri pale mbele ya mkokoteni, nimelipima. Sufuria inachemka njia nzima, akifika kila lango anapiga picha. Sufuria ni sufuria, nani atajua ya nani? Na safari hii kwa mwendo wa polepole, maana sasa najua kwamba wanapima muda. Mtu hujifunza kutokana na makosa.

Dumu amekubali. Tunaanza kesho. Aliniuliza kuhusu lile swali la ugonjwa, asije akaharibu tena. Nimemtuliza. Nimemwambia ya kwanza ndiyo iliyotuponza, asiiguse kabisa. Kila lango abonyeze ya mwisho.